Usimvike Kuku Koti Lako

(Hotuba niliyoitoa mwanzoni mwa Oktoba mbele ya majirani wanaozungumza Kiswahili hapa jimboni Maine, Marekani. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu mliotoka Uvira na Fizi, Bujumbura, Kigoma, Mombasa, na nyinyi vijana mliojificha huko nyuma na simu zenu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kuku wa nyumbani na jinsi ya kuvuka nao majira ya baridi. Dada aliyenipigia simu aliniambia, "Wewe umetoka Makete, baridi unaijua." Nikacheka, maana hayo ndiyo niliyojiambia mwenyewe mwaka wangu wa kwanza hapa, na yaliniulia kuku wawili.

Kwa msiopajua, Makete iko juu milimani, kusini mwa Tanzania. Mwezi wa sita na wa saba unaamka unakuta majani meupe kwa sakitu, na shamba la viazi limeungua kana kwamba mtu amepita na moto usiku. Tunavaa makoti ya mtumba mawilimawili. Lakini ikifika saa nne jua limepanda, koti moja linavuliwa, kuku wapo nje wanachakura kama kawaida. Baridi ya kwetu inakuja usiku kama mwizi na asubuhi imeshakimbia. Ya hapa inahamia kabisa. Inashusha mizigo mwezi wa kumi na moja na inakaa mpaka wa nne.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wakasema tena kanga hazai ugenini. Hiyo ya pili nimeipima kwa miaka kadhaa, na kwa kuku angalau, si kweli: anataga ugenini, tena vizuri. Ile ya kwanza ndiyo kweli tupu, ila nimegundua kwamba kamba anafungwa na mwenye huruma. Nitawaeleza.

Vuli ile ya kwanza nilinunua mitetea sita na jogoo mmoja. Nyumba niliyopanga ilikuwa na banda la mbao uani, futi 6 kwa 8, imara kabisa. Desemba ilipoingia nikaanza kukosa usingizi. Mimi nimejifunika mablanketi matatu, wao wako kule nje! Nikanunua nailoni nikaziba madirisha. Nikapigilia blanketi kuukuu ukutani. Chini ya paa kulikuwa na tundu refu, fundi aliliacha makusudi, mimi nikaliona kama kasoro. Nikalijaza matambara mpaka likanyamaza. Nikaingia ndani nikasikia kajoto kidogo, nikarudi kulala nimeridhika.

Asubuhi ya tatu, nailoni ilikuwa imejaa matone kwa ndani, na matone yamekuwa barafu. Ukuta unang'aa. Upanga wa jogoo, wengine mnaita kilemba, ulikuwa umepauka kwenye ncha. Baada ya siku chache ncha zikawa nyeusi, kisha zikadondoka. Mitetea wawili walikorota wiki nzima, wakafa. Na usiku zile hazikuwa hata za baridi kali kwa kipimo cha hapa.

Jirani yangu, mzee wa Kizungu ambaye amefuga tangu akiwa mtoto, alikuja kutazama. Hakunipa hotuba kama hii ninayowapa nyinyi. Alipanda kwenye ndoo, akang'oa matambara kwenye lile tundu, moja baada ya jingine, akanikabidhi yote mkononi kama mtu anayerudisha chenji.

Sasa sikilizeni kilichotokea, kwa sababu ukikielewa hiki, mengine yote yanafuata yenyewe. Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41 za Selsiasi, juu kuliko letu. Usiku kucha anapumua, na pumzi ile ina mvuke. Kinyesi chake sehemu kubwa ni maji. Kuku saba ndani ya chumba kilichozibwa ni sawa na kuacha sufuria jikoni inachemka bila mfuniko na madirisha yamefungwa. Ule mvuke unapanda, unakutana na mbao za baridi, unageuka maji, unaganda. Na unaganda pia juu ya nyama isiyo na manyoya: upanga, ndevu, vidole. Kwa hiyo kilichomkata jogoo wangu upanga ni unyevu, na unyevu ule niliuzalisha mimi kwa mikono yangu na matambara yangu.

Kuku mkavu anastahimili usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri, usiku ambao mimi na wewe hatuwezi kusimama nje robo saa. Mtazame akilala: anajitutumua mpaka anakuwa kama mpira, anaficha kichwa, miguu anaikalia. Katikati ya manyoya ameshika hewa, na hewa ile ameipasha moto kwa mwili wake. Hilo ndilo blanketi lake. Hata hayo makoti tuliyoning'iniza pale mlangoni, ya dola 100, ya dola 200, mengi yamejazwa manyoya ya bata. Ndege ndiye aliyetuuzia koti, halafu sisi tunataka kumrudishia la mtumba.

Basi lile tundu la juu liacheni wazi msimu wote. Hewa ya mvuke itokee juu ya vichwa vyao. Kinachozuiwa ni upepo unaopuliza pale walipolala, kwa sababu upepo ndio unaomfungua manyoya na kumnyang'anya ile hewa ya moto. Hewa na upepo ni vitu viwili; mimi nilivichanganya. Mkitaka kipimo, asubuhi kabla ya kufungua mlango ingia ndani, chuchumaa mpaka kichwa chako kiwe usawa wa kuku, uvute pumzi. Macho yakiwasha kwa harufu ya mkojo, hewa haitoshi. Ukiona barafu kwenye kioo kwa ndani, hewa haitoshi. Usingoje kipimo kingine.

Pa kulala, tumieni mbao ya inchi 2 kwa 4 na muilaze kwa ubapa. Kwetu tunaweka fito nyembamba, na kwetu inatosha. Hapa kuku akishika fito nyembamba, vidole vinabaki nje kwa mbele. Akisimama kwenye ubapa anavilalia vyote kwa kifua.

Chini, mwagieni maranda. Usisafishe banda kila wiki wakati wa baridi. Najua mama zangu mtakunja uso, sisi tumelelewa kufagia. Anza na inchi 6, ukiona panalowa ongeza makavu juu, mpaka ufike futi moja. Rusha punje chache za mahindi humo kila siku, wao watageuza. Mwana wa kuku hafundishwi kuchakura. Yale ya chini yanaoza polepole, na mwezi wa tano utakuwa na mbolea ya kukutosha wewe na jirani. Lakini isiende shambani mbichi. Irundikwe ioze kwanza, na kati ya kuitia ardhini na kuvuna mboga inayogusa udongo ipite miezi minne. Lengalenga, yaani mchicha, inaweza kungoja.

Aina ya kuku ina maana. Kule nyumbani tunamsifu kishingo kwa kuvumilia joto, na huyo ndiye wa mwisho kumleta hapa, shingo yote iko uchi. Kuku kidimu vilevile, manyoya yake yamegeuka nje, hayashiki hewa. Hapa tafuta kuku mzito mwenye upanga mdogo. Kuna Wyandotte, kuna Buckeye wa Ohio. Ninayempenda mimi ni Chantecler. Huyu ametokea Québec, kaskazini yetu kidogo tu, kwa watawa wa monasteri ya Oka. Mtawa mmoja, Bruda Wilfrid, alianza mwaka 1908 kuchanganya mbegu, akitafuta kuku wa Kanada atakayetaga katika baridi ya Kanada, na akapunguza upanga na ndevu mpaka zikabaki kama tone. Fikirini, mtu amekaa miaka anapunguza upanga wa jogoo kwa kuchagua wazazi, na mimi niliupunguza kwa usiku tatu kwa nailoni.

Haya, maji. Hapa ndipo kazi ilipo. Mengine yote ya banda unayafanya mara moja mwezi wa kumi unamaliza. Maji ni kila siku, asubuhi na mchana, mikono imekufa ganzi.

Mwaka jana jirani yangu wa Bukavu alinipigia simu alfajiri analalamika, "Dada, mayi yote imeganda!" Mimi nikamjibu, "Pole, uwe unaokota mapema, mara tatu kwa siku." Kimya. "Niokote mayi?" Nikasema, "Ndiyo, na yaliyopasuka usiyale, wape mbwa." Tulikwenda hivyo dakika nzima mpaka nikakumbuka kwamba kwao mayi ni maji, si mayai. Lakini ndugu zangu, majibu yote mawili ni sahihi, kwa sababu hapa Januari vyote viwili vinaganda. Yai likiganda linapasuka ganda, uchafu unaingia.

Yai lenyewe, robo tatu yake ni maji. Kuku akikosa maji, chakula anakipunguza, na mayai anayasitisha. Theluji haimtoshi, msije mkadanganyika kwa kumwona anaidonoa. Kama banda lina umeme, zipo sahani za umeme za kuweka chini ya ndoo ya maji, zinazuia kuganda tu, hazichemshi. Kama halina, nunueni mabakuli mawili ya mpira mweusi. Asubuhi unapeleka moja lenye maji ya uvuguvugu, la jana unaligeuza na kulikanyaga, barafu inatoka nzima kama keki. Plastiki ngumu itapasuka, nimepoteza tatu. Usiku toa maji bandani. Kuku hanywi gizani, na yale maji ni unyevu tu unaomwongezea.

Sasa swali ambalo kila mtu ananiuliza: mbona wameacha kutaga, ni baridi? Hapana. Kuku hesabu yake ni ya mwanga. Sisi tuliotoka karibu na mstari wa ikweta hatukuwahi kuliona hili. Makete siku ndefu na siku fupi zinapishana kwa kama saa moja tu, nani ataligundua? Hapa Portland, Desemba 21 jua linachomoza saa moja na dakika kama kumi asubuhi, na ikifika saa kumi na dakika chache jioni limezama. Ni saa 9 za mwanga. Juni ni zaidi ya 15. Mwanga ukipungua chini ya kama saa 14, mwili wa kuku unaambiwa msimu wa vifaranga umepita. Ndiyo hapo pia ananyonyoka. Mtu wa Burundi alinijia Oktoba iliyopita anataka kuku wake waombewe, mgongo uko wazi, wamebaki kama wamechemshwa. Nikamwambia ngoja wiki nane. Manyoya karibu yote ni protini, kwa hiyo hapo ndipo mwili wake unapopeleka chakula. Mimi nawapa makombo ya dagaa, yale ya chini ya mfuko. Wakimwona mtu ana mfuko wa dagaa wanamfuata mpaka mlangoni.

Ukitaka mayai Januari unaweza kuweka balbu ndogo yenye saa ya kujiwasha. Iwashe alfajiri, tena alfajiri ya mbali, kama saa nane usiku, mpaka kuche. Usiongeze mwanga jioni, kwa sababu ikizimika ghafla gizani kuku hawajapanda kulala, wanabaki chini wanatangatanga. Mimi mwenyewe siweki. Nawaacha wapumzike. Badala yake kila masika nanunua vifaranga wachache. Wale wanakuwa mitamba wanaoanza kutaga kwenye mwezi wa tisa au wa kumi, na mtamba wa mwaka wa kwanza mara nyingi anataga baridi yote, hata kwa mwanga mdogo. Hao ndio wanaolisha nyumba wakati mama zao wanaota manyoya. Na mwezi wa sita, mayai yanapofurika, piga mayai kwenye vikombe, tia chumvi kidogo, weka kwenye friza. Ni ya kukaanga na ya keki, hayafai kuchemsha, naona huyo dada amecheka.

Hapa naomba simu ziwekwe chini. Msiweke taa ya joto bandani. Zile nyekundu za wati 250 zinazouzwa kila duka la mifugo. Banda lina vumbi, lina maranda makavu, lina ndege wenye mabawa, na taa imening'inia kwa mnyororo mmoja. Ikidondoka, dakika chache banda limekwisha, na kama limeshikana na nyumba, nyumba nayo. Tena hata isipodondoka, unamzoesha joto, siku umeme ukikatika usiku wa manane ameamka hajaizoea baridi. Vifaranga wadogo wanahitaji joto, ndiyo, lakini vifaranga ni wa masika. Mkubwa hahitaji.

Na kwa kuwa nimetaja umeme kukatika, nitoke kuku kidogo nije kwetu. Januari 1998 hapa Maine ilinyesha mvua iliyoganda kwenye kila waya na kila tawi. Nguzo zilianguka, mamia ya maelfu ya watu walikaa bila umeme, wengine zaidi ya wiki mbili. Na katika siku hizo watu wengi walipelekwa hospitali wakiwa wamevuta hewa ya sumu nyumbani kwao, wengi wao kwa sababu ya jenereta iliyowekwa gereji au chini ya nyumba. Sisi hatari yetu ni nyingine. Sisi tuna jiko la mkaa. Kule Makete jiko linaingia ndani jioni, watoto wanalizunguka, na nyumba yenyewe ina mianya kila upande. Nyumba za hapa zimezibwa kila tundu. Ile hewa haina harufu, haina rangi, inakulaza usingizi na huamki. Mkaa hauingii ndani, hata dakika tano, hata dirisha likiwa wazi. Jenereta inakaa nje mbali na nyumba, futi 20 au zaidi. King'ora cha hewa ya sumu kiwe na betri nzima, na kisipigwe na mtu kwa fagio kikianza kulia wakati ubwabwa uko jikoni. Mnajijua.

Chakula hakina siri kubwa. Chakula cha kuku wa mayai, kile chenye protini asilimia 16, kiwepo siku nzima. Jioni kabla ya kulala wape konzi ya mahindi yaliyoparazwa, yatawapasha tumboni usiku. Changarawe wapewe, maana ardhi imefunikwa na hawapati vijiwe vya kusagia. Maganda ya chaza yawekwe kwenye chombo cha pembeni, kila mmoja atachukua anachotaka. Kabeji ninaining'iniza kwa kamba. Wakikaa ndani siku nyingi wanachokana na kuanza kudonoana, kabeji inawapa kazi.

Nisiwadanganye kuhusu pesa. Kuku mmoja anakula kama gramu 120 kwa siku, baridi ikizidi anaongeza. Kuku sita wanamaliza gunia la ratili 50, yaani kilo 23 hivi, kwa mwezi. Januari gunia hilo linaweza kukurudishia dazeni tatu, au usipate yai hata moja. Mwezi wa tatu mwaka 2025, dazeni moja madukani Marekani ilifika wastani wa dola 6.23, na wengi wakakimbilia kununua vifaranga wakidhani wamepata njia ya kukwepa. Waliofuga kwa ajili ya bei ndio wa kwanza kuuza kuku wao vuli. Mimi nafuga kwa sababu asubuhi nikifungua lile banda naisikia sauti ninayoijua. Na nyumbani kwangu hata nyama sipati, mwanangu amempa kila kuku jina, mchuzi wetu unanunuliwa dukani.

Ile bei ilipandishwa na mafua ya ndege, aina ya H5N1. Mwaka 2022 yaliingia kwenye mifugo ya Marekani, na mwezi wa pili mwaka huohuo yaligunduliwa hapa Maine, kwenye kuku wa uani kama hawa wetu. Tulikotoka tuliogopa mdondo, wengine mnauita kideri, na tulikuwa tunangoja mtaalamu aje na chanjo ya matone ya jicho. Huku linalotutisha linaruka juu ya vichwa vyetu pamoja na bata maji na mabata bukini, na kwenye baridi na unyevu kirusi kinaishi muda mrefu zaidi. Kwa hiyo chakula na maji vikae mahali ndege wa porini hawafiki. Viatu vya bandani viwe vya bandani tu. Ukienda kumtembelea mwenzako mwenye kuku, badilisha viatu, naye asikasirike ukimwambia hivyo. Wakifa ghafla wawili watatu, usile, usigawe, usizike kimyakimya kwa aibu. Piga simu kwa daktari wa mifugo wa jimbo. Hawaji kukukamata.

Wezi wa kuku hapa ni wengi kuliko kwetu. Mbweha mnamjua, bundi mnamjua. Raccoon, mnyama wa porini wa huku, ana mikono kama mtoto, anafungua komeo la kawaida. Aliyenitesa ni kicheche. Baridi anageuka mweupe kama theluji yenyewe, ncha ya mkia tu nyeusi, na anapita kwenye tundu la inchi moja. Ule waya mwembamba wa pembe sita unaoitwa waya wa kuku humzuia kuku kutoka, haumzuii mtu kuingia. Tumieni wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi, hata kwenye lile tundu la juu. Mlango ufungwe kabla ya giza, na giza ni saa kumi na nusu. Najua wengi hapa mko kazini zamu ya mchana mpaka usiku. Kuna vilango vya betri vinavyojifunga vyenyewe machweo, tafuteni hicho kabla ya kutafuta kitu kingine chochote cha anasa.

Yaliyobaki ya uani ni ya haraka. Mipira ya maji itolewe maji yote na iingizwe ndani, la sivyo masika utanunua mipya. Kuni, kama mna jiko la kuni, zilipaswa kupasuliwa masika yaliyopita. Kuni hapa zinauzwa kwa kipimo kinachoitwa "cord"; moja ni futi 4 kwa 4 kwa 8, pimeni kabla ya kulipa, na anayewauzia mbichi mwezi huu mwacheni nazo. Majivu yaliyopoa kabisa, siku kadhaa kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, mwekeeni kuku kwenye beseni pamoja na mchanga mkavu. Ataogea, na chawa watapungua. Yamwage pia njiani kutoka bandani, maana kuku wengi hawataki kukanyaga theluji. Wangu mlango ukifunguliwa asubuhi ya theluji ya kwanza wanasimama kizingitini wote, wananitazama mimi kama nimeimwaga mimi.

Nilitaka kuja na mayai ya kuwagawia, lakini ni Oktoba na kuku wangu wako uchi. Nimekuja na vitunguu saumu. Sanduku liko pale karibu na chai. Kila nyumba ichukue vichwa viwili, vitenganisheni, kila punje ipandwe inchi 2 chini, ncha juu, kabla ardhi haijaganda, kisha funikeni kwa majani makavu na msahau kabisa. Vitalala chini ya theluji na mwezi wa saba mtachimba. Hata hao hawahitaji blanketi zaidi ya hilo.

Naona mzee wa mstari wa mbele amenyoosha mkono tangu nilipotaja jogoo. Mzee, kabla hujauliza, bado yuko hai, upanga wake nusu, na anawika saa kumi alfajiri kiasi kwamba ofisi ya mji imeshaniandikia barua. Karibu.